Fuvu Limepona, Mtu Je?

Mfumo wetu wa afya unaamini kwamba jeraha la ubongo hupona siku nyuzi zinapotolewa. Aliyeanguka na bodaboda akapasuliwa kichwa, akiweza kusimama, kula na kutaja jina lake, huandikiwa ruhusa. Kwamba hakumbuki aliyoambiwa asubuhi, hilo linaachiwa ukoo. Na ukoo, kwa kukosa maelezo, hulipeleka kwa mganga au hulihesabu kuwa uvivu.

Nimemfundisha kijana wa aina hiyo. Alirudi chuoni baada ya muhula mmoja na barua ya daktari iliyosema amepona. Darasani alielewa kila hoja. Kesho yake mhadhara mzima ulikuwa umefutika. Kanuni za mitihani zilimjua aliyevunjika mkono, hazikumjua yeye. Akadisko, kama wasemavyo wanafunzi wenyewe.

Wala tusidanganywe kwamba tiba ni michezo ya simu. Mwaka 2016 kampuni ya Marekani inayouza Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza shauri la matangazo ya udanganyifu. Anayecheza sana mchezo huwa hodari wa mchezo huo. Kukumbuka kumeza dawa saa mbili usiku ni jambo jingine.

Kinachosaidia ni cha kawaida kiasi cha kuaibisha. Daftari moja linalokaa mahali pamoja, na mtu wa kumzoesha mgonjwa kulifungua. Kengele ya simu ya kitochi. Kumuuliza jina la mjukuu baada ya nusu dakika, kisha dakika moja, kisha mbili, kisha nne. Na akikwama apewe jibu papo hapo, asiachwe abahatishe. Baddeley na Wilson walionyesha mwaka 1994 kwamba mwenye kumbukumbu iliyoharibika hujifunza vyema zaidi akizuiwa kukosea, kwa sababu kosa lake mwenyewe humganda. Ni walimu wangapi wa fani yoyote wanaolijua hilo? Kwa wazee wenye demensia, tiba ya vikundi ya kuchangamsha akili imekwisha kujaribiwa hapa hapa, wilayani Hai: vikao 14 kwa wiki 7, na matokeo ya kutia moyo.

Kwa hiyo jibu la “hatuna fedha” silipokei. KCMC, Moshi, imefundisha watoa tiba kwa vitendo kwa miaka mingi, na hii ndiyo kazi yao. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Ninyi watumishi wa umma mnaoketi kupanga vitita vya mafao, mnaposaini malipo ya upasuaji wa kichwa, mnaandika vikao vingapi vya kumfundisha mtu huyo kuishi na kichwa chake? Andikeni idadi, tuijadili. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa ipangiwe mtoa tiba kwa vitendo anayewafuatilia majeruhi wa kichwa hata baada ya ruhusa.

Na ninyi viongozi wa wanafunzi, kanuni za mitihani hurekebishwa na Seneti, ambako mnaingia na mnasikilizwa. Dai muda wa ziada, mihadhara iliyorekodiwa na ruhusa ya daftari, kabla mwenzenu mwingine hajadisko.