Kabla hujalipia kadi ya grafiki, fungua boksi lako kwanza

Kama unaishi mtaa wowote huku kwetu, kuanzia Mukuru na Makadara hadi Donholm na Umoja, kuna uwezekano mkubwa kompyuta iliyo mezani kwako ilianza maisha kwenye ofisi ya watu ng'ambo. Ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk ama Lenovo ThinkCentre. Tunaziita ex-UK na hakuna aibu. Ndizo zimetufunza kuhariri video za harusi, kuchora posta na kucheza gemu usiku stima zikikubali.

Shida huanza ukitaka kuiongezea nguvu. Umeweka akiba ya kibarua cha Industrial Area miezi kadhaa, unashuka tao, unaambiwa, "Hii itaingia tu, boss." Unalipa. Ukifika keja, haiingii. Ama inaingia lakini mashine haiwaki. Ukirudi dukani unaonyeshwa maandishi madogo ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Doo zimeenda.

Msimamo wangu ni huu: usinunue kadi kwa jina, nunua kwa vipimo vya boksi lako. Na huhitaji digrii. Mimi niliacha chuo, na mengi ya haya yameandikwa kwenye stika.

Anza na pawa saplai. Zima mashine, chomoa waya ukutani, fungua kifuniko, soma. OptiPlex 7010 ile ndogo ina wati 240. Ile ya mnara ina 275. Hizo ni za mashine nzima, si za kadi. Sloti ndefu ya PCI Express hutoa wati 75 kwa juu zaidi, na baadhi ya mashine za ofisi huweka kikomo cha chini ya hapo, kwa hivyo tafuta kijitabu cha modeli yako. Kadi kubwa huomba umeme zaidi kupitia waya wake wa pini 6 au 8, na pawa saplai nyingi za ofisi hazina waya huo.

Hapo ndipo utauziwa adapta ya kuchota umeme kwenye waya wa diski. Kataa. Waya ule haukutengenezewa mzigo huo, na sisi tunaoishi nyumba zilizobanana tunajua moto wa waya hauishii kwa mwenye waya. Usidhani pia utabadilisha pawa saplai kirahisi: OptiPlex 9020 na EliteDesk 800 G1 hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24.

Pili, shika rula. Boksi dogo linataka kadi ya "low profile", yaani ya kimo kifupi, yenye bamba fupi la chuma kule nyuma. Pima urefu, kisha unene. Kadi nyingi hukalia nafasi ya sloti mbili, na ndani ya boksi dogo nafasi hiyo inaweza kuwa haipo.

Tatu, jiulize unataka kufanya nini. GT 1030 inakula wati 30 tu, lakini kuna ya GDDR5 na ya DDR4. Jina ni moja, ila ya DDR4 ni dhaifu zaidi. RX 6400 inakula wati 53 na ni poa kwa gemu, lakini inatumia njia 4 pekee za PCI Express, kwa hivyo hupoteza kasi kwenye madabodi za zamani. Hizi mbili zote hazina kifaa cha ndani cha kukuharakishia kutoa video iliyokamilika. Kama riziki yako ni video, tafuta GTX 1650 ya kimo kifupi: GB 4, wati 75, na uhakikishe ni ile isiyoomba waya wa ziada.

Kuna jambo wauzaji wengi hawatakwambia. Oktoba 2025 Nvidia ilifunga ukurasa wa draiva mpya za gemu kwa familia za Maxwell na Pascal, zikabaki na marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. GTX 750 Ti, GT 1030 na GTX 1050 Ti zimo humo. Hazijakufa, lakini bei lazima iongee lugha hiyo. GTX 1650 haimo kwenye kundi hilo.

Jihadhari na feki pia. Kuna kadi kuukuu zilizochezewa ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Weka GPU-Z kwenye flashi, ni ya bure, na uiendeshe pale dukani kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikataa, tembea.

Na kama mashine yako bado ina RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, achana na kadi kwanza. Ongeza RAM, weka SSD. Utahisi tofauti siku hiyo hiyo.

Wauzaji nao wasikie. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na maelezo ya kumwezesha kufaidika nazo. "Itaingia tu" si maelezo. Muulize mteja modeli ya mashine yake, mwachie ajaribu, na umwandikie siku chache za kurudisha isipofaa. Kijana aliyetendewa haki atarudi na mtaa mzima.

Wewe nawe, usiku wa leo piga picha tatu kwa simu: stika ya pawa saplai, sloti, na rula ikiwa ndani ya boksi. Kesho ukiulizwa unataka kadi gani, usitaje jina. Onyesha picha.