Mchongaji wa Kirumi Si Kivuli cha Mgiriki

Yapo maneno matatu ambayo yamenichosha: "nakala ya Kirumi". Yamebandikwa chini ya sanamu za marumaru katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na yamejaa tele katika vitabu vya sanaa ya kale. Ayasomaye huelewa mara moja kwamba anachokitazama si chenyewe. Chenyewe kilikuwa cha Kigiriki, kikapotea, na hiki ni makombo yake tu. Mimi nasema huo si usomi. Ni dharau iliyovishwa joho.

Dharau hiyo ina historia yake. Mwaka 1764 Mjerumani Johann Joachim Winckelmann alitoa kitabu cha historia ya sanaa ya kale, akaiweka Ugiriki kileleni na Roma kwenye mteremko. Mwaka 1893 akaja Adolf Furtwängler, mtu mwenye jicho kali, sikatai, akaifanya dharau hiyo kuwa kanuni ya kazi. Sanamu za Kirumi zinazofanana zililinganishwa moja kwa moja, kisha zikapepetwa kama mchele. Palipofanana paliitwa Ugiriki. Palipotofautiana paliitwa pumba.

Hebu tumtazame Mbeba Mkuki, maarufu kwa jina la Doryphoros. Polykleitos alimtengeneza kwa shaba katika karne ya 5 K.K., na shaba hiyo haipo tena. Aliyeko Naples ni wa marumaru, naye alichimbuliwa Pompeii, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Nyuma ya mguu wake pana kisiki cha mti. Wataalamu wengi wamekiona kisiki hicho kama kiraka cha aibu, kwa kuwa shaba haikukihitaji. Lakini marumaru ni nzito, tena huvunjika. Bila ya kisiki, yule bwana angekatika vifundoni. Kuitoa kazi katika shaba na kuisimamisha katika jiwe ni ufundi, na ni ufundi mgumu. Usione vyaelea, vimeundwa! Je, nani aliinunua sanamu ile? Aliiweka wapi, na kwa nini? Watu wa Pompeii waliwaza nini walipopita mbele yake? Kwa muda mrefu hapakuwa na wa kuuliza, maana macho yote yalikuwa Ugiriki.

Nitajibiwa kwamba Warumi wenyewe waliwahusudu Wagiriki, na kwamba mwaka 1954, huko Baiae karibu na Naples, vilipatikana vipande vya plasta vilivyotolewa kwa kalibu juu ya sanamu za shaba za Kigiriki. Naam, ni kweli, walinakili. Lakini kuchukua cha mwenzio na kukifanyia kazi yako si kukosa akili. Mwengo wa Athumani alipotunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, kisa alikitoa kwa Waarabu. Atakayeusoma utendi ule akitafuta Uarabu tu, Uswahili wake wote utampita.

Na ziko kazi ambazo hata pepeto la Furtwängler haliziwezi. Katika mji wa Tivoli ilipatikana sanamu ya jemadari mmoja wa karne ya 1 K.K. Uso ni wa mzee mwenye makunyanzi, kiwiliwili ni cha kijana mwanamichezo. Wapo walioicheka kama kosa la mchongaji. Kosa gani? Uso unasema: nimeishi, nimetumikia nchi. Mwili unasema: nguvu ninazo. Aliyelipia jiwe lile alijua anachotaka.

Au nenda Roma, Porta Maggiore, ukalione kaburi la Eurysaces, mwoka mikate. Huko juu zimechongwa kazi zake za kila siku: punda wanazungusha mawe ya kusagia, watu wanakanda unga, mikate inaingia tanuri, kisha inapimwa kwenye mizani. Mgiriki gani amenakiliwa hapo? Hayupo. Ndiyo maana kazi kama hiyo ilirushwa kwenye kurasa za nyuma, ikaitwa sanaa ya makabwela.

Wasomi wenyewe wameanza kuzinduka. Mwaka 1984 Brunilde Ridgway aliandika kitabu kizima kulihoji neno hilo "nakala". Hata hivyo vibandiko bado vipo, na mgeni husoma kibandiko, hasomi kitabu cha Ridgway.

Basi viandikwe upya. Tuambiwe jiwe limetoka wapi, limepatikana wapi, lilichongwa lini na kwa ajili ya nani, na kama kuna sanamu ya Kigiriki nyuma yake, hiyo itajwe mwisho. Wengi wa waliochonga walikuwa watumwa au watu walioachwa huru, na majina yao mengi hatunayo. Walichotuachia ni alama za patasi zao. Tukiwaondolea na hizo tukampa Polykleitos, tutakuwa tumewaibia mara ya pili.