Mfunga Majeraha Akitoka Jeshini



Juma hili nataka kusema nanyi juu ya kazi moja ambayo vijana wa Nkwenda na vijiji vya jirani huiulizia, hasa wale waliopitia JKT wakaandikwa jeshini. Ni kazi ya mganga wa vita, yaani askari anayebeba mfuko wa dawa na bendeji, akaenda pamoja na wenzake mpaka mahali risasi zinapolia. Akimaliza miaka yake, yako makampuni ya ulinzi, hapa nchini na ng'ambo, yanayomtaka awatibu walinzi wao machimboni, melini na katika nchi zenye vita. Mshahara hutajwa kwa dola, na mzazi akisikia dola husahau kuuliza maswali. Basi na tuulize pamoja.

Msidhani kazi hii ni ngeni kwetu. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa wakaushambulia mji wa Bukoba, na vita vikaenea nchi nzima. Mwaka 1917 daktari wa jeshi aitwaye Meja Keane aliunda huko Uganda kikosi cha waganga Waafrika, wengi wao vijana waliosoma katika shule za misioni, Wakatoliki na Waprotestanti. Waliletwa katika nchi yetu kuwahudumia askari na wapagazi. Wapagazi walikufa wengi mno kuliko askari, wala si kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Likumbukeni jambo hilo, maana nitalihitaji mbele.

Katika vita ya pili watu wa Afrika Mashariki walipelekwa Ethiopia, Madagascar na Burma, nao walikuwa na kikosi chao cha utabibu. Waliporudi, wengine waliajiriwa hospitalini kuwa madresa. Juu ya vita ya mwaka 1978 na 1979 sina haja ya kuwafundisha wakubwa wa Kagera. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka Oktoba 1978, na Aprili 11, 1979 Kampala ikatekwa. Kila kikosi chetu kilichotembea njia ile ndefu kilikuwa na watu wa kufunga majeraha, lakini majina yao hayaimbwi kama ya makamanda.

Je, mtu huyu hufanya nini hasa? Kwanza kabisa huzuia damu. Mtu aliyepasuka mshipa mkubwa wa paja aweza kufa kwa dakika chache tu, kabla machela haijafika. Kwa hiyo mganga wa vita hufunga mkanda juu ya jeraha, hukaza mpaka damu ikome, na huandika saa aliyoufunga. Kisha hutazama kama pumzi inapita, hutazama kifua, ndipo humfunika mgonjwa blanketi hata kama jua ni kali. Kwa nini blanketi? Kwa sababu aliyepoteza damu nyingi hupata baridi, na mwili uliopoa damu yake haigandi vizuri. Mambo haya yafaa hata kwetu, ambako pikipiki huangusha vijana kila juma na hospitali ya Isingiro au ya Nyakahanga i mbali. Jeraha linalotoka damu likandamizwe kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia kila dakika ili kuchungulia. Udongo, majivu na unga wa kahawa havina kazi hapo.

Sasa mtu huyo akiingia kampuni ya ulinzi, atashangaa. Jeshini alitibu vijana wenye afya walioumizwa. Huku atakutana na mlinzi wa miaka 50 mwenye shinikizo la damu, mpishi mwenye kisukari, dereva anayeumwa jino, na malaria kila msimu. Miezi yaweza kupita asiione risasi hata moja. Yule anayengoja risasi tu hana faida. Mwema ni yule anayeamka mapema kutazama maji ya kunywa yamechemshwa, choo kiko mbali na jiko, na vyandarua havina matundu. Ndiyo maana nilisema mwakumbuke wapagazi. Kama wangalikuwa na watu wengi wa namna hiyo, maelfu wangalirudi kwao.

Kanisa lina mtakatifu wa kazi hii. Kamilo wa Lellis, Mwitalia, alizaliwa mwaka 1550, akawa askari wa kukodiwa, mrefu sana, mkali, na mcheza kamari aliyepoteza kila kitu mpaka shati lake. Alikuwa na kidonda mguuni kisichopona maisha yake yote. Alipolazwa hospitalini Roma alifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa, akafukuzwa kwa kamari yake. Baada ya kuongoka mwaka 1575 alirudi hospitali ile ile, na mwisho akawa msimamizi wake. Shirika alilolianzisha lilivaa msalaba mwekundu kifuani tangu mwaka 1586 (ule wa chama cha Msalaba Mwekundu, cha mwaka 1863, ni mwingine), na mwaka 1595 ndugu zake walifuatana na majeshi huko Hungaria ili kuwahudumia majeruhi. Sikukuu yake ni Julai 14. Askari anayeona aibu kuosha vidonda na afikiri juu ya mtu huyu.

Hapa ndipo penye jambo gumu. Mganga wa jeshi analindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949. Haruhusiwi kushambuliwa, silaha aliyo nayo ni ya kujilinda yeye na wagonjwa wake tu, naye humtibu kila aliyejeruhiwa, hata adui. Mganga wa kampuni ni mtu aliyeajiriwa. Kwa kawaida kampuni yake haina ruhusa kuvaa alama ya Msalaba Mwekundu, na yaweza kumpa bunduki asimame lindo usiku. Tena mkataba waweza kusema dawa ni za watu wa kampuni peke yao. Siku moja mama wa kijiji jirani ataleta langoni mtoto aliyeungua uji. Afanye nini? Mwaijua habari ya Msamaria mwema, wala mwenye mali hawezi kuifuta kwa karatasi. Lakini kijana asingoje siku ile ndipo aulize. Aulize kabla ya kutia sahihi: nani nitamtibu, nani nitamkatalia, na je, nitaamriwa kushika lindo? Jibu likiwa baya, mimi naona afadhali arudi nyumbani kwenye migomba.

Yako na mambo ya fedha. Tangu mwaka 2005 maelfu ya jirani zetu wa Uganda walikwenda Iraki kulinda kambi za Wamarekani. Mwanzoni mishahara ilikuwa mizuri, kisha ikashuka kwa kuwa makampuni yalishindana kwa bei. Wengine walirudi na majeraha wasipate kitu, ingawa sheria ya Marekani ya mwaka 1941 inawalazimisha wenye kandarasi hizo kuwakatia bima wafanyakazi wote, hata wageni. Wengi hawakujua kwamba bima hiyo ipo.

Tena cheti cha jeshi peke yake hakitoshi kila mahali. Anayetaka kutibu watu nje ya kambi sharti awe amesajiliwa: wauguzi kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na madaktari na matabibu kwa Baraza la Madaktari. Na afanye hayo akiwa bado jeshini, maana huko aweza kusomeshwa, na akishatoka atalipa mwenyewe.

Baba na mama, kijana akija na mkataba, mtafuteni mwalimu au katekista anayejua Kiingereza awasomee wote mezani, ukurasa kwa ukurasa, hata maandishi madogo ya mwisho. Angalieni jina la kampuni, nchi aendako, miezi ya kazi, na nani atalipa nauli ya kurudi akiugua. Ukurasa wa bima usipokuwapo, arudi kwa aliyempa akauombe.