Msipime Filamu kwa Kurasa

Kila kitabu kipendwacho kinapogeuzwa filamu, wasomaji wake huingia ukumbini kama wakaguzi. Huyu hayumo. Lile lilitokea kesho yake. Yule binti hakusema hivyo. Hukumu hutoka kabla taa hazijawashwa: hadithi imeharibiwa. Nyuma ya hukumu hiyo ipo imani kwamba filamu bora ni ile inayofuata kitabu hatua kwa hatua. Imani hiyo imeenea mno, na ni potofu.

Chukua The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, ambayo Peter Jackson aliipiga New Zealand na kuitoa kwa filamu tatu, 2001, 2002 na 2003. Mashabiki walimlilia Tom Bombadil, mkaazi wa msituni aliyeondolewa kabisa. Wengine walikasirika kuona Frodo, mbeba pete wa hadithi hiyo, akikimbizwa kwa farasi hadi kivukoni na Arwen badala ya Glorfindel. Christopher Tolkien, mwana wa mwandishi, aliliambia gazeti la Le Monde mwaka 2012 kwamba kitabu cha baba yake kilikuwa kimetumbuliwa matumbo, kikafanywa filamu ya mapigano ya kuwafurahisha vijana. Uchungu wake unastahili heshima, kwani alitumia miaka mingi kuhariri na kutunza maandishi ya baba yake. Hata hivyo, alikosea.

Tazama kifo cha Boromir, mmoja wa wasafiri wenzake Frodo. Kitabuni, msomaji hapelekwi kwenye pambano lake la mwisho. Mwenzake Aragorn anasikia baragumu, anakimbia, anamkuta ameketi akiegemea mti mkubwa, mwili umejaa mishale, maadui wamekwisha kwenda zao. Tena hayo yamo mwanzoni mwa juzuu ya pili. Jackson aliyavuta hadi mwisho wa filamu ya kwanza, akayaleta mbele ya macho. Boromir, aliyeigizwa na Sean Bean, anachomwa mshale, anayumba, anaendelea kupigana. Wa pili unampigisha magoti. Anawatazama Merry na Pippin, wale wadogo wawili anaowalinda, kisha anainuka tena na upanga mkononi. Unakuja wa tatu. Mpigaji ni Lurtz, zimwi lisilokuwemo kitabuni.

Ni muda mfupi tu uliopita mtu huyuhuyu alitaka kumpora Frodo pete. Sasa mtazamaji anaiona toba yake kwa macho, pumzi kwa pumzi. Karatasi inaweza kumwachia msomaji awaze kilichotokea nyuma ya miti. Filamu ambayo ingelificha pambano hilo ingemnyima Boromir heshima ileile ambayo Tolkien alikusudia kumpa. Jackson alivunja mpangilio wa kitabu, akamwokoa mhusika.

Mabadiliko ya namna hiyo hayakuanza jana. Katika hadithi ya L. Frank Baum ya mwaka 1900, Dorothy anavaa viatu vya fedha. Filamu ya The Wizard of Oz ya 1939 ilivifanya viwe vyekundu vya yakuti, kwa sababu Technicolor, teknolojia ya filamu za rangi, ilitaka rangi ya kung'aa. Leo ni vyekundu hivyo vinavyokumbukwa duniani.

Wakaguzi watataja The Hobbit, kitabu kimoja cha mwaka 1937 kilichotandazwa hadi filamu tatu, 2012 hadi 2014, akaongezwa pia Tauriel, mhusika ambaye Tolkien hakumwandika. Kweli, filamu hizo zilichosha. Lakini Lurtz naye aliongezwa, na hakuna aliyechoshwa naye. Tofauti ni kwamba Lurtz alimhudumia Boromir, ilhali nyongeza za The Hobbit zilimsukuma Bilbo, mhusika mkuu, pembeni ya safari yake mwenyewe. Hilo ndilo swali la kuulizwa: badiliko linamfanyia nini mhusika?

The Return of the King, filamu ya tatu ya The Lord of the Rings, ilishinda Oscar 11, mojawapo ikiwa ya mswada wa filamu uliotokana na kitabu. Na kitabu chenyewe hakikupunguzwa hata neno. Tom Bombadil bado yumo katika juzuu ya kwanza, kwa yeyote anayemtaka.