Kidonda cha Mnyama si Jalala



Juma hili twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kila nyumba yenye ng'ombe wa jembe au punda wa kubeba maji hulijua vema. Jambo lenyewe ni kidonda, tena kidonda cha kiumbe asiyeweza kusema wapi kwamuuma.

Simama siku moja kwenye njia ya kisimani uwatazame punda wapitao. Huyu ana kidonda mgongoni, kimepakwa oli chafu ya gari. Yule ametiwa majivu. Wa tatu amemiminiwa unga mweusi wa betri za tochi. Wa nne kidonda chake kimefunikwa kwa samadi. Kila mwenye mnyama amefanya hivyo kwa nia njema, maana jirani alimwambia kwamba ndiyo dawa. Lakini mwezi umekwisha, na kidonda ni kilekile, au kimezidi upana. Kumbe kidonda kimefanywa jalala, kila apitaye hutupa chake.

Hasara yake mwaijua. Fahali asiyeweza kuvaa nira mvua za kwanza zikinyesha ni ekari zisizolimwa, na ekari zisizolimwa ni njaa. Punda aliyelala kwa ugonjwa ni mama na binti zake kujitwika ndoo vichwani mwendo mrefu.

Basi, shikeni neno moja. Kidonda hujiponya chenyewe kwa nguvu ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka mwilini. Kazi yetu ni kuondoa yale yanayokizuia. Waganga wa mifugo wana kipimo chepesi cha kuwakumbusha watu: usitie katika kidonda kitu ambacho usingethubutu kukitia katika jicho lako mwenyewe. Ukikishika kipimo hicho, oli, maji ya betri, mafuta ya taa, mrututu na dawa ya kuogeshea kupe vyote vimekwisha kataliwa. Hiyo ya kupe ni sumu, na katika kidonda huingia mwilini upesi kuliko katika ngozi nzima.

NAMNA KIDONDA KIPONAVYO

Mnyama akikatwa, kwanza damu hutoka na kuganda. Kisha mahali huvimba na kupata joto, kwa kuwa askari wa mwili wamefika kula uchafu na vijidudu. Baada ya siku chache huota nyama nyekundu yenye chembechembe, nayo hujaza shimo. Mwisho ngozi mpya hutambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, na wakati huohuo kidonda chenyewe hujikunja kikawa kidogo.

Angalia neno hilo "hutambaa." Ngozi mpya ni kama marando ya viazi. Katika udongo wenye unyevu hutambaa upesi. Katika udongo mkavu uliopasuka hayaendi. Zamani watu wengi, hata madaktari, walidhani kwamba kidonda chapaswa kukauka kabisa na kuwa na gamba gumu. Mwaka 1962 mtaalamu mmoja wa Uingereza, George Winter, aliandika juu ya majaribio aliyoyafanya kwa nguruwe wadogo. Vidonda vingine alivifunika kwa karatasi nyembamba ya plastiki visikauke, na vingine aliviacha wazi vikafanya gamba. Vile vilivyofunikwa viliota ngozi kwa upesi wa karibu mara mbili. Tangu hapo ufundi wa kutibu vidonda ulibadilika, vya watu na vya wanyama pia. Kidonda chataka usafi, chataka unyevu kidogo, na chataka kufunikwa.

Sasa mwaona kosa la majivu. Hunyonya unyevu wote, tena hubaki ndani kama mchanga jichoni. Na samadi ina hatari kubwa zaidi. Ugonjwa wa pepopunda umeitwa hivyo na wazee wetu, na jina lenyewe lafundisha, kwa maana punda na farasi hushikwa nao kwa urahisi kuliko wanyama wengi. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Anayepaka samadi katika kidonda cha punda amemwalika mgeni muuaji. Muulizeni bwana mifugo juu ya chanjo ya pepopunda kabla punda hajaumia.

KUOSHA NDIYO DAWA YA KWANZA

Chemsha maji safi. Katika kila lita moja tia vijiko viwili vidogo vya chai vya chumvi, vilivyosawazishwa, visiwe na kilima. Koroga, funika, uache yapoe hata yawe vuguvugu. Maji haya yanakaribiana na chumvi iliyomo mwilini, kwa hiyo hayachomi wala hayaui nyama mpya.

Osha mikono yako kwa sabuni. Mfunge mnyama vizuri, na mtu mmoja amshike kichwa kwa upole. Punguza manyoya ya pembeni. Kisha mwagia maji kwa wingi. Bomba la sindano, au chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko, hurusha maji kwa nguvu ya kutosha kutoa uchafu. Usisugue kwa gunzi wala kwa brashi. Endelea mpaka maji yatokayo yawe safi.

Ukiwa na dawa ya iodini ya kahawia iuzwayo katika maduka ya dawa, usiitie kali kama ilivyo. Izimue kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa. Ikiwa kali huua vijidudu, lakini huua pia nyama changa. Spiriti nayo, na ile dawa itoayo povu, zina kosa hilohilo. Povu lapendeza kwa macho, lakini ukilitumia kila siku waichelewesha ngozi.

ASALI NA SUKARI

Sasa yaja habari njema kwa watu wa Tabora na wa kila mahali penye mizinga. Maandishi ya waganga wa Misri, yaliyoandikwa yapata miaka 1600 kabla ya Kristo, yataja asali kuwa dawa ya majeraha. Leo wataalamu wameijaribu tena. Huko Sydney katika Australia wameipaka katika vidonda vya miguu ya farasi, ambavyo ni vigumu sana kupona, nao wakaona yasaidia.

Kwa nini yafaa? Asali ni nzito kwa sukari na ina maji machache, kwa hiyo huvuta maji kutoka katika vijidudu vikafa. Tena ina ukali kidogo kama wa ndimu, ambao vijidudu haviupendi. Tatu, ikikutana na majimaji ya kidonda hutoa polepole ile dawa ya povu tuliyoitaja, lakini kwa kipimo kidogo kisichodhuru. Juu ya hayo, hukiweka kidonda katika unyevu na kitambaa hakigandi.

Lakini si kila asali. Iwe nzito, safi, isiyochanganywa na maji ya sukari, wala isiyopikwa motoni, maana moto huharibu nguvu yake. Asali ya hospitali husafishwa kwa mionzi, kwa sababu asali ya mzinga yaweza kuwa na mbegu za vijidudu. Kwa hiyo usiitie katika tundu refu na jembamba kama la msumari au la pembe. Itie katika kidonda kilicho wazi na kilichokwisha oshwa. Ipake katika kitambaa safi kilichochemshwa na kukaushwa juani, weka juu ya kidonda, kisha funga. Usipofunga utawaita siafu na nyuki.

Asiye na asali, sukari nyeupe ya dukani yaweza kufanya kazi kama hiyo. Ijaze katika kidonda kichafu chenye usaha, funga, na ikisha kuyeyuka osha na utie nyingine. Nyama nyekundu safi ikionekana, acha sukari, maana kazi yake imekwisha.

Pengine kidonda kiko mgongoni na hakifungiki. Basi osha mara mbili kwa siku, paka asali kidogo au mafuta safi ya mgando, na dawa ya kufukuza inzi ipakwe pembeni katika ngozi nzima, isiingie ndani. Inzi akitaga, funza hula nyama ya mnyama angali hai. Funza wote watolewe kwa kibano na kuuawa, wasitupwe chini wakiwa wazima.

NGOZI YA SATO

Labda wengine watasema, "Mambo haya ni ya maskini, wenye mali wana dawa nyingine." Hebu sikieni habari hii. Mwezi Desemba 2017 moto mkubwa uliteketeza misitu ya California katika Marekani. Dubu wawili wakubwa na mtoto mmoja wa simba wa milimani waliokotwa nyayo zao zimeungua, hawawezi kutembea. Mganga wa mifugo, Dakta Jamie Peyton wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, na wenzake, waliwashonea nyayoni ngozi ya samaki. Samaki gani? Ni jamii ya perege na sato. Fikira hiyo ilitoka kwa madaktari wa Fortaleza katika Brazili, ambao walikuwa wametibu watu walioungua kwa ngozi ya sato, samaki yuleyule tumlaye kutoka Ziwa Viktoria.

Ngozi ya sato ina wingi wa uzi ule uitwao kolajeni, ambao ndio unaoipa ngozi uimara wake. Hukaa juu ya kidonda kama paa, hushika unyevu, hupunguza maumivu, na ngozi mpya hutambaa chini yake. Juu yake waganga wale walifunga karatasi ya mchele na maganda ya mahindi, ili dubu akiyatafuna yasimdhuru. Mwezi Januari 2018 dubu wote wawili walirudishwa msituni.

Angalieni, msiende sokoni kununua sato na kumbandika punda! Ngozi ile husafishwa kwa dawa mpaka haina kijidudu hata kimoja. Mbichi ya sokoni huoza na kuleta usaha. Twaisimulia habari hii ili mwone kwamba hata katika chuo kikuu chenye fedha nyingi, shauri ni lilelile la kusafisha, kulinda unyevu na kufunika.

WAKATI WA KUMWITA BWANA MIFUGO

Mwite upesi kama jeraha ni refu na bado jipya, maana kushona hufaa zaidi katika saa sita hadi nane za kwanza. Mwite kama kidonda kiko juu ya kiungo, kifuani au tumboni. Mwite kama mnyama hali, ana homa, au kidonda chanuka. Mwite pia kama nyama nyekundu ya mguu wa punda imeota ikapita kimo cha ngozi. Ngozi haiwezi kupanda mlima huo, yabidi mtaalamu aukate. Usiuchome kwa mrututu.

Tena msifungue vidonge vya rangi mbili na kumwaga unga wake katika kila kidonda, maana vijidudu huzoea dawa, na siku ya ugonjwa mkubwa dawa haitamsaidia mnyama wala mtoto. Bwana mifugo akichoma sindano, muulizeni ni siku ngapi maziwa na nyama visitumiwe, nanyi mtii.

Kama mnyama ameumwa na mbwa au mbweha, usiguse kidonda wala mate kwa mikono mitupu. Huenda ni kichaa cha mbwa. Na mtu aliyeumwa aoshe mahali kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo bila kungoja.

MSUMARI UKIWA BADO NDANI

Neno la mwisho ni chanzo. Wafaa nini kuosha asubuhi, na saa nne wamtwika mzigo uleule juu ya kidonda kilekile? Punda hana nundu kama ng'ombe, nira ya ng'ombe humchuna. Avute kwa mkanda mpana na laini wa kifuani. Mzigo usikae juu ya uti wa mgongo, bali ulalie pande mbili juu ya matandiko manene. Kamba nyembamba ya nailoni hukata kama kisu. Na mwenye kidonda apumzike hata apone.

Wahenga walisema: Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Lakini punda akifa leo, mzigo wa kesho utabebwa na nani?

Twaijua sote habari ya Msamaria mwema katika Injili ya Luka. Alitia mafuta na divai katika majeraha ya yule mtu, akayafunga. Kisha alimpandisha juu ya mnyama wake mwenyewe. Wahubiri humsifu Msamaria, na ni haki. Lakini mnyama yule naye alikuwa na mgongo mzima uliotunzwa vizuri, la sivyo majeruhi asingefika katika nyumba ya wageni.

Jioni hii, kabla ya sala ya familia, wapeni watoto taa wakamulike migongo ya wanyama wenu. Na maji ya chumvi yawe tayari.

Mfugaji Mwenzenu