Nguvu Tunazo, Shabaha Je?

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Mpendwa msomaji, kabla hujakimbilia ukurasa wa vitendawili, nipe dakika tano tu. Najua utauliza: mbona jarida la Chama cha Kiswahili lizungumzie kandanda ya Australia? Tulia, utaona kwamba jambo lenyewe linatuhusu.

Mwaka jana mimi ndiye niliyekabidhiwa penalti ya mwisho katika ile mechi ya raga dhidi ya majirani zetu. Tulikuwa nyuma kwa pointi mbili na saa ilikuwa imekwisha. Nikaupiga mpira kwa nguvu zangu zote, nao ukapita nje ya mlingoti wa kulia. Mliokuwepo mnakumbuka, na ambao hamkuwepo mmesimuliwa, tena kwa kutiwa chumvi. Muhula mzima pale bwaloni jina langu lilikuwa "Kipofu". Basi likizo ya Agosti binamu yangu anayesomea Melbourne akaja nyumbani na mpira wao mwekundu wa ngozi, pamoja na video za mechi tele. Kutazama hivi, lo! Kumbe vipofu tuko wengi, na wengine wanalipwa mshahara.

Mchezo wenyewe ni hivi. Wachezaji ni 18 kila upande, uwanja una umbo la yai, na mpira pia ni yai. Kila mwisho wa uwanja husimama milingoti minne isiyo na mwamba wala wavu. Ukiupiga mpira kwa mguu ukapita kati ya ile miwili mirefu ya katikati, hilo ni goli, pointi 6. Ukipita pembeni, kati ya mlingoti mrefu na mfupi, unapewa pointi 1 tu, ile waiitayo bihaindi. Tena ukiudaka mpira uliopigwa kwa mguu umbali wa mita 15 au zaidi kabla haujaguswa, unapewa nafasi ya kupiga kwa utulivu. Ukiwa karibu na goli una sekunde 30 za kujiandaa, na adui haruhusiwi kukugusa. Ati haruhusiwi kukugusa! Na bado wanakosa.

Sikiliza yaliyowapata Geelong. Mwaka wa 2007 walikuwa mabingwa wa ligi kuu, AFL. Mwaka wa 2008 walipoteza mechi moja tu kabla ya michuano ya mwisho, wakaingia fainali kama simba anayekwenda kula mbuzi aliyefungwa. Siku hiyo walipata magoli 11 na bihaindi 23, jumla pointi 89. Hawthorn walipata magoli 18 na bihaindi 7, jumla 115. Hebu hesabu mwenyewe. Geelong waliandikisha mara 34, wenzao mara 25, na kombe likaenda kwa hao wa 25. Kumradhi, lazima niwe mkweli: si zote 23 zilizotokana na mateke mabaya. Mabeki wa Hawthorn walikuwa wakiupeleka mpira nyuma ya mstari wao makusudi, afadhali watoe pointi 1 kuliko kuhatarisha 6, ujanja uliowaudhi wakubwa wa ligi hata wakautungia sheria mwaka uliofuata. Lakini hata ukiziondoa hizo, zilizobaki zinatosha kumliza mtu.

Na pointi hiyo moja si kitu cha kudharau. Fainali ya mwaka wa 1966 St Kilda na Collingwood walilingana kwa magoli, 10 kwa 10. St Kilda wakashinda 74 kwa 73 kwa bihaindi ya Barry Breen, teke ambalo hata mwenyewe hangelionea fahari siku nyingine. Mpaka leo huo ndio ubingwa wao wa pekee.

Wengi husema mpigaji hukosa kwa sababu ya roho ndogo. Wengine husema ni uchovu, maana mchezaji wa kiungo hukimbia hata kilomita 12 katika mechi moja. Mimi sikatai. Lakini nionavyo mimi, shida kubwa iko mazoezini. Mbio zina ratiba, kukabana kuna ratiba, lakini kupiga goli huachiwa mwisho, mtu na hiari yake, tena waangalizi wa misuli wakihesabu mateke yasizidi wakiogopa paja litateguka. Hayo machache yanayopigwa nayo hupigwa kwa raha, mipira sita mfululizo kutoka pale pale, watu wakicheka. Wee, katika mechi ni nani atakupa mpira wa pili?

Tufanye na hesabu ndogo, mwalimu wa hisabati asije akasema tunacheza tu. Nafasi kati ya milingoti mirefu ni mita 6.4. Ukisimama mita 40 mbele yake katikati kabisa, una mita 3.2 kila upande. Gawanya kwa 40, utapata 0.08, yaani kama digrii 4 na nusu. Ukisogea hadi mita 50, hazifiki hata 4. Sasa nguvu za paja zitakusaidia nini hapo? Binamu yangu alinionyesha kwamba kosa huanza mkononi kabla ya mguu kufika. Mpira hushikwa kwa mikono miwili, ncha ikitazama chini, kisha mkono wa upande wa mguu unaopiga unauongoza kushuka. Ukiuachilia kutoka juu sana, upepo unaucheza. Ukiinama kidogo tu, mgongo wa mguu unaupata vibaya, nao unakwenda kushoto kama gari lililokatika usukani. Nilijaribu nyuma ya nyumba yetu siku tatu nzima bila kupiga teke hata moja, kazi yangu ikiwa kudondosha tu. Mama akadhani nimerukwa na akili.

Tena wapigaji wakubwa kila mmoja ana desturi yake asiyoibadilisha. Tony Lockett, aliyefunga magoli 1,360, rekodi ambayo haijavunjwa, alikwenda moja kwa moja bila mbwembwe. Lance Franklin, wa mguu wa kushoto, alizunguka kama mwezi mchanga kila mara, na mwaka wa 2022 alipofikisha goli la 1,000 mashabiki walivamia uwanja mzima. Matthew Lloyd naye alikuwa akirusha majani hewani apime upepo, hata ndani ya uwanja uliofungwa paa! Watu walimcheka, lakini mwili wake ulijua kwamba majani yakianguka, sasa ni kupiga. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Upande wa pili wapo wanaoishi kwa makosa ya wapigaji. Aliir Aliir, aliyezaliwa Kakuma hapa kwetu mwaka wa 1994, ni beki, na mwaka wa 2021 alichaguliwa katika kikosi bora cha ligi akiichezea Port Adelaide. Teke likipungua nguvu au kupinda, yeye huruka akalidaka.

Mwalimu wa michezo, kwa heshima na taadhima: hapa kwetu anayekosa penalti mazoezini hupewa mizunguko mitano ya uwanja. Tunapata mtu mwenye mapafu mazuri na mguu ule ule mbovu. Naomba tubadilishe. Baada ya mbio za mwisho, wakati moyo bado unadunda, kila mpigaji apewe mpira mmoja tu, mahali asipopachagua, wenzake wakimpigia kelele. Akikosa, arudi kesho. Dakika kumi kwa siku hazitaharibu prepu ya mtu.

Mpira mwekundu uko ndani ya sanduku langu, kitanda cha pili kutoka mlangoni. Jumamosi, usafi ukiisha, nitakuwa pale kwenye milingoti ya raga. Anayetaka kuniita Kipofu aje amevaa viatu.