Kudumu Kazini Si Kuridhika

Mei Mosi iliyopita nilikaa karibu na mwalimu wa shule ya msingi aliyepewa cheti kwa kutimiza miaka 22 kazini. Mgeni rasmi akatamka, "Hawa hawahami kwa sababu wanaipenda kazi yao." Uwanja ukashangilia. Mwalimu akaninong'oneza, "Ningekuwa na pa kwenda, ningeshaondoka zamani."

Imani kwamba asiyehama ameridhika ni ya uongo, na inaumiza watu.

Baada ya sherehe alinionyesha slipu yake ya mshahara kwenye simu. Asilimia 5 imekwenda mfuko wa pensheni, 3 bima ya afya, 2 chama cha walimu, 15 Bodi ya Mikopo, maana alijiendeleza chuo kikuu. Robo ya mshahara hiyo, bado kodi. Chini kabisa kuna rejesho la benki, mkopo aliopaulia nyumba. Na kadi ya bima inayotokana na slipu hiyo ndiyo inayomtibu mama yake mwenye kisukari. Akiacha kazi, insulini itanunuliwa na nani?

Jambo hili si geni kwa wasomi. Mwaka 1973 Vincent Flowers na Charles Hughes waliandika katika jarida la Harvard Business Review, Marekani, kwamba haitoshi kuuliza kwa nini watu wanaondoka. Lazima tuulize pia kwa nini wanabaki. Walionyesha kuwa wapo wasioipenda kazi yao hata kidogo, ila wamefungwa na familia, madeni, umri na mafao. Mwajiri anayehesabu barua za kujiuzulu peke yake hawezi kuwaona watu hao.

Na kubaki kwa namna hiyo, tena bila sauti kazini, kuna gharama mwilini. Utafiti wa Whitehall II, ulioanza mwaka 1985 kwa watumishi wa serikali jijini London, ulibaini kwamba wasio na sauti juu ya namna ya kufanya kazi yao walipatwa zaidi na maradhi ya moyo. Watumishi hao walikuwa na ajira ya kudumu na pensheni. Havikuwakinga.

Najua jibu linalotolewa: asiyetaka aache, wenye vyeti wamejaa mtaani. Ni kweli wamejaa, na wingi wao ndio unaomziba mdomo aliye ndani. Kumwambia mwalimu yule aache ni kumwambia mama yake akae bila dawa. Kumwacha alivyo nako ni kuwapa watoto wetu mwalimu aliyekwisha kata tamaa. Katika yote mawili, tunapoteza.

Kwa hiyo nawaomba maofisa utumishi na wakuu wa kazi: msisubiri mtu aandike barua ya kuondoka ndipo mumuulize habari zake. Mwiteni aliyekaa miaka 10, mfunge mlango, mumuulize, "Ni kitu gani kinakubakiza hapa?" Akiitaja kazi yenyewe, mpeni cheti na mumpigie makofi. Akitaja mkopo na bima, jueni kwamba mna deni kwake: uhamisho alioomba, mzigo unaobebeka, na neno lake kusikilizwa ratiba inapopangwa. Deni hilo halilipwi kwa cheti cha Mei Mosi.